Desktopu Yako Imezeeka? Hivi Ndivyo Unaweza Kuovakloki Prosesa Bila Kuichoma

Uko na desktopu ya kitambo kwa keja. Ukifungua gemu, picha zinarukaruka. Ukianza kutoa video ya mteja, unaenda kupika ugali, unakula, unaosha vyombo, ukirudi bado iko asilimia 60. Pesa ya mashine mpya hakuna. Halafu beshte yako anakuambia, "Si uiovakloki tu?"

Beshte ameongea nusu ya ukweli. Kuovakloki ni kuambia prosesa ikimbie mwendo wa juu kuliko ule iliwekewa kiwandani. Inawezekana, na kwa prosesa zingine za zamani faida yake unaiona kwa macho. Lakini ukiifanya kiholela unaweza kuchoma madabodi, ama kitu mbaya zaidi, kuharibu faili zako za kazi bila kujua. Kwa hivyo hapa hatutafuti namba kubwa ya kujishaua nayo kwa WhatsApp. Tunatafuta mwendo wa ziada na mashine iendelee kuishi.

Mfano wetu ni prosesa moja ambayo bado inazunguka sana kwa mitumba ya kompyuta: Intel Core i5-2500K. Ilitoka Januari 2011. Ina koa nne, mwendo wake wa kawaida ni GHz 3.3, na ikijisukuma yenyewe kwa Turbo Boost inafika GHz 3.7. Wenye hupenda gemu waliiheshimu sana juu ilikuwa inakubali kuongezwa mwendo bila kelele nyingi. Ukielewa hii, zingine utazielewa pia.

Kwanza kabisa: mashine yako inakubali?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ni poa ujue kabla hujanunua hata bisibisi.

Angalia jina la prosesa yako. Kwa Intel za kizazi hicho, herufi K mwishoni ndiyo ruhusa. i5-2500K, i7-2600K na i5-3570K zina kizidishi kilichofunguliwa. i5-2400 ama i5-3470 hazina hiyo K, na hizo ndizo zimejaa kwa desktopu za ofisi zinazoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa hapa kama "ex-UK".

Ya pili ni madabodi. Hata ukiwa na K, madabodi lazima ikubali. Kwa prosesa za soketi ya LGA1155, chipseti unayotaka ni P67, Z68, Z75 ama Z77. H61 na H67 hazikubali. Q65 na Q67, ambazo ni za mashine za ofisi, pia hazikubali.

Kwa lugha rahisi: kama uko na Dell OptiPlex 790 ama HP Compaq 8200 Elite, hiyo ndoto iweke kando. Hata ukitoa prosesa yake uweke 2500K, BIOS haitakupa mahali pa kuongeza kizidishi. Mtu akikuambia atakufungulia kwa doo kidogo, shikilia mfuko wako.

Upande wa AMD mambo ni rahisi kiasi. Prosesa za FX, kama FX-6300 na FX-8350 za 2012, zote zimefunguliwa. Lakini FX-8350 ni ya wati 125 hata kabla hujaiguza, na madabodi za bei ya chini huumia vibaya zikiisukuma. Kama sehemu zinazolisha prosesa umeme kwa madabodi yako hazina hata kipande cha chuma cha kupunguza joto, wacha tu.

Hujui mashine yako iko na nini? Pakua CPU-Z, ni ya bure. Itakuonyesha jina la prosesa, aina ya madabodi na chipseti. Dakika mbili tu.

Pili: shida ni prosesa kweli?

Usitibu mguu na kinachouma ni jino. Fungua gemu ama programu inayokusumbua, halafu angalia Task Manager ukiwa ndani.

Kama prosesa iko asilimia 100 na kadi ya picha inapumzika, kuovakloki kutakusaidia. Kama kadi ya picha ndiyo iko asilimia 99, prosesa ikikimbia zaidi hutaona tofauti. Kama RAM ya 4GB imejaa pomoni, ongeza iwe 8GB kwanza. Na kama bado unatumia diski ile ya kuzunguka, nunua SSD. Hakuna ovakloki itafanya Windows iwake haraka kuliko SSD itakavyofanya, na SSD haichomi kitu.

Ukishahakikisha prosesa ndiyo inachelewesha job, sasa twende.

Adui yako ana majina mawili: volti na joto

Mwendo wa 2500K unatokana na hesabu ndogo. Kuna kloki ya msingi ya MHz 100, na kuna kizidishi. 100 mara 33 ni 3300, yaani GHz 3.3. Ukiweka kizidishi kiwe 42, unapata GHz 4.2. Hiyo tu ndiyo siri yote.

Kloki ya msingi iache 100 kabisa. Kwa kizazi hiki, hiyo kloki ndiyo inaendesha pia njia ya diski na ya kadi ya picha. Ukiisukuma, diski inaweza kuanza kuandika uchafu. Kama uko na ya zamani zaidi, tuseme Core 2 Quad Q6600, hapo ndipo ilibidi watu wasukume kloki ya msingi, na RAM ilikuwa inavutwa pamoja nayo. Ndiyo maana 2500K ni rahisi kwa mtu anayeanza.

Shida ni kwamba ukiongeza mwendo, ikifika mahali prosesa inaanza kuyumba, na dawa yake ni kuiongezea volti. Volti ndiyo inauma. Joto linapanda kulingana na mwendo, lakini kwa volti linapanda mara mbili yake, juu volti kwenye hesabu inazidishwa kwa yenyewe.

Chukua mfano. Tuseme prosesa yako inatumia volti 1.20 kwa GHz 3.3. Unaipeleka GHz 4.2 kwa volti 1.30. Mwendo umepanda asilimia 27, lakini joto limepanda karibu asilimia 49. Sasa tuseme hujatosheka, unataka GHz 4.5 na imekuitisha volti 1.40. Kutoka 4.2 hadi 4.5 umepata mwendo wa asilimia 7 tu, lakini joto limepanda tena asilimia 24. Hapo ndipo biashara inakuwa ya hasara.

Kuna kitu ingine. Volti ya juu pamoja na joto la juu husogeza chembe za chuma ndani ya nyaya ndogo za chipu, polepole, mwezi baada ya mwezi. Prosesa haifi siku hiyo hiyo. Inaanza tu kuhitaji volti zaidi kwa mwendo ule ule, mpaka siku moja inakataa. Ya kwako tayari ina miaka zaidi ya kumi, na huwezi kujua mwenye alikuwa nayo mbele yako aliitesa vipi. Kwa hivyo usichukue namba za mtu wa YouTube ukaziweka vile zilivyo. Chipu mbili zenye jina moja haziko sawa.

Vitu vya kuandaa

Nakala ya faili zako. Hii ni sheria. Kabla hujagusa chochote, kopi kazi zako zote kwa diski ya nje ama mtandaoni. Prosesa inayoyumba inaweza kukosea hesabu bila kuzima mashine, na hilo kosa likaandikwa kwa faili yako.

Feni na hitisinki ya maana. Ile ndogo ya Intel ya pini nne za kubonyeza ilitengenezewa mwendo wa kawaida. Tafuta hitisinki ya mnara yenye mirija ya shaba. Cooler Master Hyper 212 ni moja ya zile zinaingia kwa LGA1155 na zinapatikana hata za mtumba. Ukinunua ya mtumba, hakikisha vyuma vyake vyote vya kufungia viko. Bila hivyo umenunua pambo.

Themo pesti mpya. Ile iliyo kwa prosesa yako pengine imekauka ikawa kama udongo. Futa yote na kitambaa laini na spiriti ya isopropili, weka tone jipya saizi ya punje ya dengu katikati, halafu funga hitisinki kwa kukaza pande zinazotazamana, kidogo kidogo. Usijaze pesti kama siagi kwa mkate.

Pawa saplai unayoiamini. Kama ni nyepesi kama boksi tupu na imeandikwa wati 500, usiiamini. Pawa saplai mbovu ikikufa huenda na wenzake.

UPS, kama unaweza. Stima zetu unazijua. Na hata kama hutaovakloki, usiwahi kusasisha BIOS bila UPS. Stima ikipotea katikati, madabodi inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Programu tatu za bure: CPU-Z ya kuona mwendo na volti, HWMonitor ama Core Temp ya kuona joto, na Prime95 ya kuitesa prosesa. Prime95 ilianza 1996 kama programu ya kutafuta namba tasa kubwa, na kwa sababu inafanya hesabu nzito bila kupumzika, watu wakaona inafaa kufichua prosesa inayodanganya.

Hatua kwa hatua

1. Pima vile iko sasa. Safisha vumbi, weka pesti mpya, halafu endesha Prime95 dakika 20 kwa mwendo wa kawaida. Andika joto la juu kabisa. Kama tayari inapita nyuzi 75 kabla hujaongeza kitu, simama hapo. Rekebisha upepo kwanza.

2. Ingia BIOS. Washa mashine ukibonyeza Delete ama F2. Piga picha ya kila ukurasa na simu yako ndio ukipotea ujue njia ya kurudi.

3. Ondoa volti kwa Auto. Hili ni kosa la kwanza la watu wengi. Madabodi ikiachiwa iamue, huongeza volti kupita inavyohitajika ndio mashine isizime. Nenda kwa CPU Vcore, weka namba wewe mwenyewe. Anza na ile volti uliyoona kwa CPU-Z prosesa ikiwa kazini.

4. Panda polepole. Weka kizidishi 38 kwa koa zote. Hifadhi, washa, endesha Prime95 dakika 20 ukitazama joto. Ikipita, rudi uweke 40. Halafu 41. Halafu 42. Hatua moja, jaribio moja. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, juu ikikwama hutajua ni gani imeleta noma.

5. Ikiyumba, chagua. Unaweza kurudi hatua moja nyuma na kuridhika, ama uongeze volti 0.01 ujaribu tena. Kuongeza ni kwa vijiko, si kwa sufuria.

6. Acha prosesa ipumzike ikiwa haina kazi. Usizime SpeedStep. Ikiwa imewashwa, 2500K inashuka hadi GHz 1.6 ukiwa unasoma tu habari, na inapanda ukihitaji. Inakuokolea joto na stima.

7. Mtihani wa mwisho. Ukifika mahali unapenda, endesha Prime95 masaa sita ama zaidi, mchana ukiwa karibu, si usiku ukiwa umelala. Halafu tumia mashine kawaida wiki nzima kabla hujaiamini na kazi ya mteja.

Simama hapa

Hizi ndizo mistari ya kuchora chini na usiivuke.

Joto: chini ya nyuzi 80 ukiwa kwa Prime95. Prosesa hii yenyewe hujipunguza mwendo inapokaribia nyuzi 100 kujiokoa, lakini hiyo ni breki ya dharura. Huendeshi gari ukitegemea breki ya dharura kila siku.

Volti: kwa 2500K ya kutumia kila siku na hitisinki ya hewa, 1.35 ni dari nzuri. Kuna wenye huenda 1.40, lakini hesabu yetu ya juu imekuonyesha wanalipa nini.

Mwendo: GHz 4.2 ni mahali pazuri pa kukaa. Nyingi hufika hapo bila vita.

Na kumbuka unaishi wapi. Joto la chumba linaongezwa moja kwa moja kwa joto la prosesa. Ukipima Nairobi mwezi wa Julai chumba kikiwa nyuzi 20, halafu uhamie Mombasa Februari chumba kiwe nyuzi 32, prosesa yako nayo itapanda kama nyuzi 12. Pima wakati wa joto kali, mchana, dirisha likiwa vile hukaa kawaida.

Wenye i5-3570K, ya 2012, chungeni kidogo zaidi. Kwa 2500K, kifuniko cha chuma kimechomelewa kwa chipu, kwa hivyo joto hutoka haraka. Kwa 3570K Intel iliweka pesti katikati, na ukiiongezea volti joto hupanda haraka kuliko ungetarajia.

Ikikataa, usipaniki

Mashine imejizima ama imeleta skrini ya bluu? Soma jina la kosa. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ama CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, ukiwa umetoka tu kuongeza mwendo, mara nyingi zinamaanisha prosesa inalia njaa ya volti. Rudi hatua moja.

Prime95 imesimamisha koa moja na kuandika kosa, lakini Windows bado inaendelea? Hiyo pia ni kufeli. Watu wengi hupuuza hii juu mashine haijazima. Maana yake ni kwamba prosesa imesema mbili jumlisha mbili ni tano. Usiendelee nayo hivyo.

Haiwaki kabisa, skrini nyeusi? Zima, toa kebo ya stima, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa madabodi, ngoja dakika kadhaa, irudishe. BIOS inasahau kila kitu ulichoweka na kurudi vile ilitoka kiwandani. Hii ndiyo sababu kosa la kizidishi peke yake haliui mashine. Kosa la volti halina betri ya kutoa.

Na ukisikia harufu ya kuungua, chomoa kwa ukuta. Usijaribu "mara moja tu" kuona kama itawaka.

Kenye ovakloki haiwezi kukupa

Tuongee ukweli ndio usije ukavunjika moyo. Windows 11 haikubali rasmi prosesa hizi, hata ukiifikisha GHz 5. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao uliisha Oktoba 14, 2025. Kama mashine iko kwa intaneti na ina siri za kazi, fikiria Linux.

Pia, kuna gemu na programu mpya zinazohitaji maagizo ya AVX2, na hayo yalikuja kwa Intel na kizazi cha Haswell 2013. 2500K haina. Gemu ya aina hiyo ikikataa kufunguka, mwendo hautaifungua. Hiyo ni kama kusukuma mlango ambao hauna tundu la ufunguo.

Stima nayo iko. Ukiongeza wati 45 na ucheze masaa manne kila siku, kwa siku 30 hizo ni yuniti 5.4 zaidi kwa tokeni yako. Si nyingi, lakini si bure.

Sasa faida? Kutoka GHz 3.3 hadi 4.2, ile video iliyokuwa inachukua saa nzima inaweza kushuka hadi karibu dakika 47, kama prosesa ndiyo ilikuwa inaichelewesha. Kwa mtu ambaye video ni kazi yake, hizo dakika 13 kwa kila saa ni pesa. Kwa mtu wa gemu, inaweza kuwa tofauti ya kukwamakwama na kucheza fiti.

Kama gharama ya hitisinki na pesti inakaribia bei ya mashine ya mtumba ya kizazi cha nane, wachana na ovakloki, chukua hiyo mashine. Kama tayari uko na K, madabodi inakubali na hitisinki unayo, basi tenga Jumamosi moja, kopi faili zako, panda hatua moja moja, na ukifika 4.2 ikiwa imetulia, funga boksi urudi kazini.

Na ile namba ya volti iliyokubali, iandike kwa karatasi uibandike ndani ya kifuniko cha boksi. Siku betri ya BIOS itakufa, hutaanza upya.